Harufu ya siki

Jana nilimimina siki kwenye birika la umeme ili itoe ukoko wa chokaa ulioganda chini. Nikaichemsha kidogo, mvuke ukajaa jikoni. Binti yangu akapita mlangoni, akasimama, akavuta pumzi. "Hapa pananuka Pamba," akasema, akaenda zake.

Pamba alikuwa sungura wetu, na hakuwahi kunuka siki. Kochi ndilo lililonuka siki, kwa sababu yake. Sikumsahihisha.

Alikuja kwetu akiwa anaenea kwenye viganja viwili, na wiki za mwanzo hakukosea hata mara moja. Tulimwekea beseni la bluu kwenye kona ya banda lake. Akaingia, akafanya yake, akatoka. Nikajisifu kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Alipokaribia miezi mitano akawa mtu mwingine. Akaanza kutuzunguka miguuni huku akiguna, kusugua kidevu kwenye kila pembe ya meza, na kukojoa kwenye kochi. Si sakafuni, si kwenye zulia. Kwenye kochi, upande wa kushoto, ninapokaa mimi.

Vile vinyesi vyake havikunisumbua. Ni vidonge vikavu, mviringo kama gololi, unafagia tu maisha yanaendelea. Kesi ilikuwa mkojo. Mkojo wa sungura una kalsiamu nyingi, ukikauka unaacha utando mweupe ambao sabuni haiuwezi. Siki inauweza. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kochi, chupa mkono huu, kitambaa mkono ule. Na kwa kuwa sipendi uchafu, beseni nalo nililisugua kwa sabuni kila asubuhi mpaka likanukia maua. Hilo la beseni likumbukeni.

(Nimekulia kwenye hadithi za Sungura mjanja, anayewazidi akili fisi, simba na tembo. Hakuna msimulizi hata mmoja aliyewahi kutaja mkojo.)

Sasa siku yenyewe. Jumapili alasiri, nimejilaza kwenye kochi, usingizi umenipitia. Nikahisi kitu chepesi kinanipanda tumboni, kisha joto. Kwa kitambo kidogo, katikati ya ndoto, joto lile lilikuwa tamu kabisa, kama mtu amenifunika shuka. Halafu likaanza kupoa. Nikafumbua macho. Pamba amekaa juu ya tumbo langu, mkia juu, masikio yamesimama, ananitazama bila haya. Hakukimbia. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kutia sahihi kwenye hati.

Nilipiga ukelele ambao hata mimi sikuutambua. Haukuwa na neno ndani yake. Akaruka, akajikwaa kwenye mto, akatokomea chini ya kochi. Kisha nikasikia: dup. Mguu wa nyuma unagonga sakafu. Dup. Sungura hutahadharishana hivyo adui akiwa karibu. Nilikuwa nalijua hilo, nilishalisoma, na bado nilisimama pale, gauni limenigandia tumboni, nasikiliza. Dup.

Binti yangu, wakati huo ana miaka minne, akalala kifudifudi, shavu sakafuni, akachungulia. Nami nikalala kando yake vilevile nilivyokuwa, nimelowa. Kule gizani tuliona jicho moja tu, na ubavu unaopanda na kushuka mbio mno.

"Mama," akaninong'oneza, "anakuogopa wewe."

Tulikaa hapo mpaka sebule ikaanza kuingia giza. Hakutoka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Daktari wa mifugo alisikiliza mashtaka yangu yote, akauliza maswali mawili: amehasiwa? Na beseni unalisafishaje? La pili nililijibu kwa fahari. Akacheka. Kumbe sungura huenda haja pale panaponuka haja yake, na mimi kila asubuhi nilikuwa nafuta kibao cha choo chake kisha namlaumu kwa kupotea. Kochi, kwa upande wake, lilinuka mimi. Na yeye ni dume aliyebalehe, anaweka harufu yake juu ya yangu.

"Si dharau, mama," daktari akasema. "Anatangaza kwamba wewe ni wake."

Sikujua kama nimepewa sifa au pole.

Basi akahasiwa, na homoni zikachukua wiki kadhaa kutulia. Tukampunguzia eneo, tukamzungushia uzio kwenye kona moja, tukawa tunalipanua kidogo kidogo kila alipoenda siku kadhaa bila ajali. Tishu iliyolowa mkojo wake tukaiacha ndani ya beseni badala ya kuitupa. Chini tukaweka chembe za karatasi iliyoshindiliwa. Mchanga wa paka ule unaogandamana hapana, maana akiumeza unaweza kumziba tumbo. Na upande mmoja wa beseni tukajaza nyasi kavu, kwa sababu sungura hupenda kula na kunya kwa wakati mmoja, jambo ambalo nikilisema mezani mume wangu huhama na sahani yake. Kochi likafunikwa plastiki. Baada ya miezi miwili hivi, ikaisha. Sema gololi moja mbili ziliendelea kudondoka popote mpaka mwisho wa siku zake, na nilizizoea kiasi kwamba hata sasa nikiona kitu cheusi cha mviringo chini ya meza nainama kabla sijafikiri.

Leo asubuhi nikamuuliza binti anamkumbuka Pamba kwa lipi hasa. Nilitegemea aseme ile mirukio yake, alivyokuwa akifurahi anajipinda hewani kama aliyeumwa na siafu.

"Ulivyopiga kelele," akasema, huku anafunga viatu.

Nikamwambia nilikuwa nimelowa. Nikamweleza habari ya dume, ya harufu, ya kuhasiwa, maneno ya daktari yote.

"Najua, Mama. Nilikuwepo."

Akamaliza kiatu cha pili. Akauliza kama lile beseni la bluu bado tunalo.

Lipo. Nalowekea soksi zake. Nikamwambia nitaangalia stoo.