Siku moja maishani mwangu: nashika maiki, siimbi

Nikimwambia mtu nafanya kazi kwenye tamthilia, ananiuliza naigiza nani. Nikisema siigizi, anauliza basi napiga kamera. Nikisema narekodi sauti, anaitikia "ahaa" halafu ananiomba namba ya yule dada anayecheza mke mdogo. Basi leo nawaandikia siku nzima mjue kwamba nyuma ya kila kilio mnachokiona kwenye runinga yupo mtu mwenye hedifoni aliyeshinda anagombana na kunguru. Sini ninayoieleza imesharusharushwa na marudio yake pia, kwa hiyo simharibii mtu uhondo. Jina la tamthilia nabaki nalo, mkataba ni mkataba.

Saa 11 alfajiri. Buguruni bado giza. Natoa betri kwenye chaji, nakagua nyaya, naoga, naondoka na kipande cha muhogo mkononi. Chai huwa sinywi kabla ya kazi. Tumbo likinguruma katikati ya sini, maiki haiulizi ni la nani.

Saa 1 asubuhi. Nipo Ukonga, nyumba tuliyokodi. Ni nyumba nzuri kwa macho: geti kubwa, masofa ya ngozi, sakafu ya tailizi ukutani hadi ukutani. Aliyeichagua aliangalia kwa macho. Kwa masikio ni msiba. Tailizi zinarudisha kila neno, mtu akikohoa sebuleni unadhani yupo kisimani. Na Ukonga ni jirani wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere; sina haja ya kueleza zaidi. Kwa hiyo saa nzima ya kwanza nabeba magodoro. Nayasimamisha kando ya kuta ambazo kamera haizioni, natandika mablanketi sakafuni, natundika kanga madirishani kwa ndani. Kijana wa taa ananitania kwamba nimekuja kuhamia. Nachomoa friji kwa sababu linavuma, kisha naweka simu yangu ndani yake. Jioni nikiitafuta simu nitakumbuka kulichomeka tena, maana nyama ya mwenye nyumba ikioza sitalipia mimi.

Saa 3. Sini ndogo mbili tatu za jikoni na uani. Zinaisha salama.

Saa 5. Sasa ndiyo ile kubwa.

Kwa wasioifuatilia: steringi wetu ni mzee mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mkali, mcha Mungu, kila mtu anamwamkia kwa kuinama. Amezika watoto wawili wadogo. Tangu sehemu ya kwanza anaamini walirogwa na shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa, na kwa imani hiyo alimfukuza yule mama kwenye nyumba ya familia, akamtoa na godoro mvua ikinyesha. Mmeshuhudia. Watazamaji wengi walikuwa upande wake. Sasa mtoto wa tatu naye anaumwa, vidole vimevimba, macho ya njano, analia mifupa, na leo daktari kijana anakuja nyumbani na majibu ya maabara. Ni selimundu.

Mwandishi wa skripti alikaa na wauguzi kabla ya kuandika, na inaonekana. Daktari anaeleza kwamba chembe nyekundu za damu zinajikunja umbo la mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, ndiyo maumivu yale. Kwamba mtoto hurithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, na wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa maana kila mmoja amebeba kinasaba kimoja tu. Kwamba wazazi wa namna hiyo, kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne mtoto azaliwe na ugonjwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nao, wapatao 11,000 kila mwaka, kwa hiyo haya si mambo ya kutunga ya mbali. Nyumba ngapi mjini hapa zina shemeji aliyefukuzwa?

Kabla ya yote namvalisha mzee maiki ndogo ya kifuani. "Shikamoo baba. Samahani, nitaingiza mkono kidogo." "Marahaba mwanangu, endelea." Mtu wa mavazi kampigia shati pasi na wanga mpaka linasimama lenyewe, likigusa maiki linasikika kama mtu anatembea juu ya majani makavu. Nabandika plasta ndani, navuta kitambaa, namwomba ainue mikono, ashushe, apumue. Huku kwenye fimbo ndefu ninayo maiki nyingine ya kuning'inia juu ya vichwa vyao. Ile fimbo nyepesi ukiishika dukani. Ishike dakika nne mikono ikiwa juu, bila kutikisika, bila kivuli chake kuingia kwenye picha, ndipo tuzungumze.

Feni zinazimwa. Madirisha yanafungwa. Ni Februari, Dar es Salaam. Sitaki kuongeza neno.

"Kimya! Tunarekodi!"

Daktari anafungua bahasha, anasema "Mzee wangu, majibu yametoka," na kunguru anajibu juu ya bati. Mmoja, kisha wenzake wote. Hawa kunguru wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, wakavuka maji wakaja kuuteka mji huu, na mimi ndiye ninayelipa deni hilo la kikoloni kila siku. Kijana anatumwa nje na manati. Tunarudia. Ndege inatua. Tunarudia. Ndege nyingine. Tunarudia, tunafika mpaka "pande zote mbili, baba na mama", na hapo ikaanza ile sauti ambayo nilikuwa naiombea tangu asubuhi isitokee. Grenda.

Nyuma ya ukuta wa nyumba hii kuna fundi wa mageti. Nilimwona nilipofika, nikamsalimia, akaniambia leo hana kazi. Kumbe kazi imeingia. Grenda ikikata chuma hakuna godoro litakalokuokoa, sauti inapita ukutani, inapita kwenye fimbo, inakuingia kwenye meno. Prodyuza akatoka. Akarudi. Akatoka na karatasi. Nikavua hedifoni nikamfuata, maana najua akiachiwa peke yake atapandisha sauti na sini itakufa hapo.

Alikuwa anamwonyesha fundi kibali cha Bodi ya Filamu na barua ya serikali ya mtaa. Fundi akazisoma zote kwa utulivu, mpaka mihuri, akamrudishia.

"Kaka, hiki kibali ni cha ninyi kupiga picha. Hakijaandikwa mimi nisifanye kazi."

Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi, na ndiyo maana prodyuza alizidi kuchemka. Geti linatakiwa jioni, mteja wake yupo Pugu, kijana wake ana mke kajifungua. Nikamwambia, "Bosi wangu, tunakuomba dakika tano tano tu. Nikipiga filimbi unazima, nikipiga tena unawasha." Akasema dakika tano mara ngapi. Nikasema hatujui. Akasema basi na bei haijulikani. Wakaanza kupatana. Alianza juu huko, prodyuza akataja hela ya soda, fundi akacheka kwa heshima akawasha grenda. Wakapatana tena. Katika hayo yote muongozaji anapiga kelele ndani kwamba mekapu ya mzee inayeyuka, na mtu mmoja, simtaji, akasema maneno ninayoyachukia kuliko yote kwenye kazi hii: "Si mtasafisha kwenye kuhariri?" Hapana. Grenda ikikaa juu ya neno la mtu haitoki bila kuondoka na neno lenyewe. Utabaki na mzee anayetikisa midomo.

Wakakubaliana kiasi, fundi akapokea nusu mkononi. Umeme ukakatika.

Tukala. Wali maharage na kachumbari, kwenye kivuli, wote tumelowa. Hapo ndipo mzee wetu akaanzisha. Skripti ilimtaka, daktari akimaliza, apige magoti, alie, aseme, "Mungu wangu, nimemdhulumu shemeji yangu!" Akaweka sahani chini akasema yeye hilo halisemi.

"Mtu aliyeamini jambo miaka yote hiyo," akasema, "akazika watoto kwa imani hiyo, akamtoa mjane wa kaka yake nje kwa imani hiyo, leo karatasi moja ya maabara imtoe? Hawezi. Kwanza atabishana. Atatafuta pa kutokea."

Muongozaji, ambaye ni kijana na anamwogopa kidogo, akasema watazamaji wanataka kumwona akianguka. Kijana wa taa akasema steringi haangukagi. Dada wa mekapu, ambaye mimi sikujua kama huwa anafuatilia hadithi, akasema jambo lililotunyamazisha wote: kinachomuuma mzee si kwamba uchawi si kweli. Kinachomuuma ni kwamba nusu ya ule ugonjwa imetoka kwake. Mchawi alikuwa afadhali. Mchawi ni mtu mwingine.

Mzee akamtazama, akasema, "Umesikia mwanangu? Huyo ndiye angeandika." Mwandishi hakuwepo, bahati yake.

Saa sijui ngapi, umeme ukarudi. Wakakubaliana wajaribu kwa namna ya mzee, mara moja, ikishindikana magoti yanarudi. Napiga filimbi. Grenda inazima. Kunguru wapo lakini mbali. Juu kweupe, hakuna ndege. Mikono yangu tayari ilikuwa inatetemeka toka ile asubuhi, nikaegemeza kiwiko ubavuni, kitu ambacho ukifundishwa vizuri unakatazwa.

Daktari akaeleza yote. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Akasema kwao hakuna ugonjwa huo, babu zake walilima mpaka uzeeni. Daktari akamjibu kwamba aliyebeba kimoja haugui, na tena kinamkinga kiasi na malaria, ndiyo maana kimeenea sana kwenye nchi kama zetu. Mzee akauliza hiyo maabara ni ya nani. Akauliza kama damu za watu haziwezi kubadilishana kwenye vichupa. Akauliza mkewe anajua. Kila swali sauti ilikuwa inashuka kidogo, si kwa kuigiza huzuni, ni kama mtu anayejaribu milango ya nyumba na kukuta yote imefungwa. Kisha akanyamaza. Kwenye hedifoni nikasikia akimeza mate. Nikasikia pumzi ikianza, ikikatika, ikianza tena, karibu kuliko mkewe mwenyewe anavyoweza kumsikia. Halafu, chini kabisa, akasema:

"Na wale wawili?"

Daktari kijana akasahau mstari wake. Kweli alisahau, uso ule mliouona haukuwa wa kuigiza.

"Kata!"

Kwa siku nzima hakuna anayenitazama. Ila baada ya sini kama hiyo kuna nukta moja ambapo chumba kizima kinanigeukia, muongozaji, prodyuza, mzee na jasho lake, na swali ni moja tu. "Sauti?" Muongozaji alikuwa na wasiwasi mzee amesema chini mno, kameramani mwenyewe hakusikia kitu. Ya fimbo ilikuwa imefifia. Ya kifuani ilikuwa nayo, kila pumzi, shati limetulia kama lilivyoambiwa.

"Ipo," nikasema. Jamani, kwa hilo neno moja huwa nasahau magodoro.

Nikaomba dakika moja ya kimya chumbani, mhariri ataihitaji kuziba matundu. Hiyo nayo ni kazi: watu wazima kumi na kitu wamesimama kwenye joto bila kupumua ili nirekodi hakuna kitu. Mtu akacheka. Tukaanza upya.

Yaliyofuata sikumbuki kwa mpangilio. Sini ya mke mkubwa, sini ya gari linaloingia, mvua ya ghafla juu ya bati iliyotuweka bure karibu saa nzima, adhana ya magharibi tuliyoisubiri iishe kwa adabu. Mabega yalishaacha kuuma, yamekuwa si yangu. Kuhamisha mafaili kwenye diski mbili, kuangalia kama yanafunguka, kukunja nyaya, kuyarudisha magodoro vyumbani kila moja lilikotoka. Friji. Simu.

Nilipotoka getini fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasubiri nusu yake ya pili. Akaniuliza ile sini ilikuwa inahusu nini mpaka wamlipe mtu asifanye kazi. Nikamweleza: watoto hawakurogwa, ni selimundu, shemeji hana kosa. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Dada, mimi naangalia tangu mwanzo. Yule mama ni mchawi. Huyo daktari wenu kahongwa, subirini mtaona."

Nikamweleza moja kati ya nne. Akaniuliza kwa nini basi wote wawili wa kwanza, mbona si mmoja. Nikasema ni kila mimba, bahati haikumbuki iliyopita. Akasema hilo ndilo hasa linalomfanya amwangalie yule mama kwa jicho la pili. Prodyuza akatoka, akamhesabia hela yake, akazihesabu tena mbele ya taa ya gari.

"Kesho mpo?"

Kesho tupo, saa 12 asubuhi. Ni siku ya shemeji mwenyewe, sini zake zote, ndani ya nyumba hiyohiyo. Fundi akaweka hela kwenye mfuko wa shati akatuambia kesho ana mageti mawili, na kwa sini ya mchawi bei ni nyingine.