Arusha kwa miguu: anzia Boma, malizia Mnara wa Saa

Mgeni akikuomba umtembeze mjini Arusha, karibu kila mwenyeji anaelekea Mnara wa Saa. Mnapiga picha, vijana wenye bangili na picha za kuchora wanawazunguka, jua linakuwa kali, na kabla ya saa sita mmeshakaa mahali mnakunywa soda. Mgeni anaondoka akidhani Arusha ni kituo cha kupandia magari ya mbugani. Kosa liko kwenye mpangilio. Mji huu haukuanzia kwenye mnara, ulianzia Boma, ngome ya zamani ya Wajerumani. Ukiutembea kwa namna ulivyokua, kila jengo linakueleza kwa nini lililofuata lipo. Mzunguko wenyewe ni kama kilomita nne, na asubuhi moja inatosha.

Tuanze na hali ya hewa, kwa sababu ndiyo inayoharibu safari nyingi. Machi hadi Mei ni masika, na njia za pembeni zinakuwa tope linaloganda kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito. Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu mazito, na unaweza kukaa siku kadhaa usiuone Mlima Meru wakati uko miguuni pake. Januari, Februari, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya uhakika zaidi. Hata katika miezi hiyo, mlima huu wa mita 4,566 utazame mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, maana baada ya hapo mawingu huanza kujikusanya kileleni. Ukiwa mjini unaona pia upande wake uliokamilika tu. Ubavu wa mashariki ulibomoka zamani sana, na ili uuone mpasuko huo inabidi uzunguke hadi Momella, upande wa mashariki wa mlima.

Vaa viatu vilivyofungwa vizuri, kwa kuwa mitaro ya mjini ni mirefu na mingine haina vifuniko. Beba maji na kitambulisho cha taifa. Kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni kutoka nje, lakini lazima uthibitishe uraia wako. Weka salio kwenye simu pia, kwa sababu taasisi za serikali hupokea malipo kwa namba ya malipo, na aliyekuja na noti peke yake huishia kumtafuta wakala barabarani.

Fika Boma saa tatu asubuhi. Ni yale majengo meupe yenye kuta nene mwishoni mwa Barabara ya Boma, ambayo sasa ni Makumbusho ya Historia Asilia. Kabla ya kuingia, simama uani kwanza uutazame ukuta. Ni ngome ile. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Wameru. Jeshi la Wajerumani lililokuwa Moshi likalipiza kisasi: nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Boma lilijengwa mwaka 1900 kwa mikono ya Waarusha na Wameru waliolazimishwa. Kwa hiyo unapoona ukuta mnene wenye baridi nzuri wakati wa jua, kumbuka kwamba kila jiwe lilibebwa na mtu ambaye hakuulizwa. Kuzunguka ngome hiyo yakaja maduka ya Wahindi, kisha barabara, kisha mji. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji, na wao wakaendelea kutawala kutoka Boma humo humo.

Ndani, usianze na wanyama waliokaushwa. Watoto watakuvuta huko, lakini chumba kinachostahili muda wako ni cha chimbuko la binadamu. Nyayo za mababu wa binadamu zilizopatikana Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zilifukiwa upya kule porini ili zisiharibike, kwa hiyo kwa mwananchi wa kawaida makumbusho ndiyo njia ya kuzielewa. Jipe saa nzima. Wanaomaliza kwa dakika ishirini ni wale wasiosoma maelezo ukutani.

Kutoka hapo hadi jengo la AICC, yaani Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, ni mwendo wa dakika chache. Hapa wengi hukosea wakidhani ni mahali pa kuingia tu. Ni jengo la ofisi na mikutano, getini utaulizwa unakwenda wapi, na ukijibu "naangalia tu" usishangae kurudishwa. Usielekeze kamera kwa walinzi wala kwenye kizuizi cha magari. Simama ng'ambo ya barabara, hapo unaiona vizuri zaidi ile minara mitatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Ilijengwa iwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza ya mwaka 1967. Jumuiya ikavunjika 1977, jengo likabaki, na mwaka uliofuata likawa kituo cha mikutano.

Kilichotokea humo baadaye ni kizito kuliko wakazi wengi wanavyojua. Agosti 4, 1993, serikali ya Rwanda na RPF, waasi waliokuwa wakipigana nayo, walitia saini mkataba wa amani hapa Arusha. Mkataba ule haukuzuia mauaji ya 1994, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaunda Mahakama ya Kimbari ya Rwanda, ambayo makao yake yalikuwa humu. Septemba 2, 1998, majaji walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza pia kwa ubakaji kuhesabiwa kuwa sehemu ya kosa hilo. Hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015 ilikuwa imewashtaki watu 93 na kuwahukumu 62. Wanafunzi wa sheria duniani kote wanaisoma kesi ile. Sisi tunapita nje ya jengo na daladala tukibishana nauli. Inauma kwamba mtoto anaweza kumaliza shule mjini hapa bila kuambiwa.

Sasa shika Barabara ya Makongoro kuelekea magharibi. Ni kipande kirefu kuliko vyote vya mzunguko, robo saa au zaidi kidogo. Tembea upande wenye kivuli na uweke simu mfukoni, kwa kuwa anayeshika simu kwenye ukingo wa barabara anamrahisishia kazi mporaji wa pikipiki. Mbele yako utauona Mnara wa Mwenge, na kando yake Makumbusho ya Azimio la Arusha, tamko lililoielekeza nchi kwenye ujamaa.

Jengo ni dogo, na udogo wake ndio unaoshangaza. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa hapa Arusha kuanzia Januari 26 hadi 29, 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Kesho yake benki zikataifishwa. Nchi iligeuzwa mkondo katika ukumbi ambao leo usingetosha harusi ya mtaani. Hapa tafuta sehemu inayohusu miiko ya uongozi uisome polepole, maana watu wanakumbuka vijiji vya ujamaa na kusahau miiko. Kiongozi alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo la nyumba ndilo linalozua mjadala ukiwa na vijana, kwa hiyo kama unatembeza wanafunzi, tenga muda wa maswali mahali hapo. Fika kabla ya saa sita ili usigongane na mapumziko ya mchana.

Uwanja ulio jirani umepewa jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na mwanasiasa aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Ukishaupita, ingia Soko Kuu, maana hapo njaa imeshauma. Tafuta mama ntilie mwenye ndizi au loshoro, chakula cha maziwa ya mgando. Mkoba uhamishie mbele ya kifua. Usipige picha ya biashara ya mtu bila kuomba. Nunua kitu kidogo kwanza, kisha uliza, na mara nyingi utaruhusiwa. Maharage na mchele hapa hupimwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne. Kabla ya kulipa, tazama kitako cha kopo. Kikiwa kimebonyezwa kwenda ndani, unachopata ni pungufu, na hakuna kilemba cha juu kitakachofidia. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukiligeuza.

Rudi kwa Barabara ya Sokoine, iliyopewa jina la Edward Sokoine wa Monduli, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984. Ni barabara ya kelele, ipite tu. Mwisho wake ndipo ulipo Mnara wa Saa.

Hapo mtu atakwambia umesimama katikati ya Cairo na Cape Town. Tupige hesabu. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini mwa ikweta, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini. Katikati yake ni nyuzi 2 kusini, na Arusha iko nyuzi 3 na dakika 22 hivi. Tofauti ni kama kilomita 150, na usawa wa nyuzi 2 unaangukia karibu na Kajiado, ng'ambo ya Namanga. Kwa hiyo tuko karibu na katikati, lakini si katikati, na hiyo ni kwa mstari wa ramani tu, maana barabara zinapinda. Mweleze mgeni ukweli huo, ataukumbuka zaidi. Kwa wauza bangili, "hapana, asante" moja iliyotulia inatosha ikiwa hukusimama. Ukishapokea kitu mkononi "kukiangalia tu", mazungumzo ya bei yameshaanza.

Kama una siku ya pili, nenda Tengeru. Panda daladala za Usa River, mwambie konda akushushe Tengeru, kisha bodaboda hadi Ziwa Duluti. Ni ziwa la kreta lenye msitu pembeni na kuna kiingilio. Njia ya kulizunguka ina mizizi inayotokeza na inateleza mvua ikinyesha. Lakini usirudi bila kupita makaburi ya Wapoland, yaliyo ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Watu hao walikuwa wamepelekwa Siberia na utawala wa Sovieti, wakatoka kupitia Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wakiwa wanawake na watoto. Makaburi ni karibu 150, yamejipanga kwa mistari, na misalaba yake ina majina ambayo ulimi wa hapa unayatamka kwa shida. Tazama miaka iliyoandikwa: baadhi waliishi miaka michache tu. Getini sema waziwazi unakwenda makaburini, kwani ni eneo la chuo na hawapendi mtu anayezurura.

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru. Ukichagua siku hizo, anza na makaburi na ziwa asubuhi, soko liwe la mwisho, na uondoke kabla ya saa kumi. Baada ya hapo daladala za kurudi mjini hujaa mikungu ya ndizi na akina mama waliomaliza kuuza, na konda atampokea mwenye mzigo kwanza, kwa kuwa mzigo nao unalipiwa.