Sinakalseti usiku, damu asubuhi: nilivyoimudu dawa ya tezi za parathiroidi

Kilichonisaidia kuimudu dawa hii ni saa ya kuimeza. Wiki ya kwanza niliimeza asubuhi juu ya chai tupu, na kila siku ilikuwa kichefuchefu hadi mchana. Nilipoihamishia kwenye mlo wa jioni kichefuchefu kikapungua, dawa ikaingia vizuri mwilini, na vipimo vya damu vikaanza kusema ukweli. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa mashine, tunaosafishwa damu mara tatu kwa wiki, ambao daktari amewaandikia sinakalseti. Kwenye boksi utaikuta kama cinacalcet; jina la kibiashara Marekani ni Sensipar na Ulaya ni Mimpara, na zipo pia za kampuni nyingine. Vidonge ni vya miligramu 30, 60 na 90.

Tezi za parathiroidi kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zimejibanza nyuma ya tezi kubwa ya shingo. Kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikishuka, tezi humwaga homoni iitwayo PTH, nayo huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Figo zikifa, fosforasi hurundikana na vitamini D haikamilishwi kutengenezwa, hivyo tezi husukumwa usiku na mchana mpaka zinanenepa. Matokeo yake ni mifupa inayouma na kuvunjika kirahisi, ngozi inayowasha, na mishipa ya damu inayojengeka chokaa.

Juu ya seli za tezi hizo kuna kipokezi kinachoonja kalsiamu. Sinakalseti hukifanya kipokezi hicho kiwe chepesi zaidi, tezi ikadhani kalsiamu ipo ya kutosha na kupunguza PTH. Lakini PTH ikishuka, kalsiamu ya damu nayo hushuka. Kwa hiyo jibu la kalsiamu hulisoma kwanza, la PTH baadaye. PTH iliyo juu huumiza mwili kwa miezi na miaka, ilhali kalsiamu iliyoporomoka inaweza kukuangusha na degedege ndani ya siku moja au kuvuruga mapigo ya moyo.

Ndiyo maana kabla ya kidonge cha kwanza lazima kalsiamu ipimwe. Ikiwa chini ya 8.4 mg/dL, yaani 2.1 mmol/L, dawa haianzwi mpaka ipandishwe. Mgonjwa wa figo ambaye bado hajafika kwenye mashine hapewi kwa tatizo hili, kwa sababu kwake kalsiamu huanguka kirahisi zaidi. Mwambie daktari kama umewahi kupata degedege, kama moyo wako umechoka au mapigo yake yana hitilafu, kama umewahi kutapika damu au kuwa na vidonda vya tumbo, na kama ini lako lina shida. Ini ndilo linaloivunjavunja dawa hii. Likiwa dhaifu, dawa hubaki nyingi mwilini.

Usisome kalsiamu bila kuangalia albumini. Sehemu kubwa ya kalsiamu husafiri imeshikamana na protini hiyo, na wengi wetu albumini iko chini. Hesabu ninayoitumia ni hii: kwa kila gramu 1 ambayo albumini imepungua chini ya 4 g/dL, ongeza 0.8 kwenye kalsiamu. Jibu likisema kalsiamu 7.9 na albumini 2.9, pengo ni 1.1, zidisha kwa 0.8 upate karibu 0.9, kalsiamu yako halisi ikaribie 8.8. Maabara ikitumia mmol/L na g/L, ongeza 0.02 kwa kila gramu 1 iliyo chini ya 40. Ni makadirio tu, na palipo na kipimo cha kalsiamu huru, ile isiyoshikamana na protini, hicho ndicho bora.

Sasa jioni yenyewe. Nakula saa moja usiku, na kidonge nakimeza katikati ya chakula, si kabla. Chakula huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu kwa nusu au zaidi, na chenye mafuta mengi huongeza zaidi. Anayemeza leo na chakula na kesho bila chakula ni kama anabadilisha dozi kila siku bila kujua, halafu daktari anapandisha miligramu kwa sababu ambayo haipo. Mimi natosheka na wali au ugali wa kawaida, kipande cha kuku au samaki, na mboga iliyochemshwa maji yake yakamwagwa ili potasiamu ipungue. Kidonge humezwa kizima. Hakitafunwi, hakisagwi, hakikatwi. Ukiandikiwa 30 na duka lina 60 tu, usigawanye, tafuta za 30. Maji ni nusu kikombe, nami huyahesabu kwenye maji yangu ya siku.

Kichefuchefu ni cha kweli, usione kwamba wewe ni dhaifu. Katika majaribio yaliyofanyika kabla dawa haijaruhusiwa Marekani mwaka 2004, wagonjwa 31 kati ya 100 waliotumia sinakalseti walipata kichefuchefu, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa ni 19. Kutapika ilikuwa 27 dhidi ya 15. Kilichonisaidia, mbali na saa, ni kutolala mara baada ya kula na kutokukubali dozi ipandishwe haraka. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, usirudie kidonge. Andika tarehe na usubiri cha kesho. Na ukiona unataka sindano ya kuzuia kutapika, taja kwamba uko kwenye sinakalseti. Ondansetroni hurefusha kipindi fulani cha umeme wa moyo, na kalsiamu iliyo chini hufanya vivyo hivyo. Viwili vikikutana moyo unaweza kuvurugika. Tahadhari ni ile ile kwa erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, na kwinini ya malaria.

Jambo ambalo nimeona likikosewa kuliko yote ni uchukuaji wa damu. PTH hushuka kabisa kati ya saa ya 2 na ya 6 baada ya kumeza, kisha hupanda tena polepole. Ukimeza asubuhi na damu ikachukuliwa saa nne baadaye, jibu litapendeza kuliko hali yako ilivyo, na dozi itaachwa chini. Damu ya PTH ichukuliwe angalau saa 12 baada ya kidonge. Kidonge changu ni saa moja usiku na zamu yangu ya mashine huanza baada ya saa moja asubuhi, kwa hiyo damu huchukuliwa wakati sindano zinaingizwa, kabla mashine haijaanza kuzunguka, na muda umetimia bila kuhangaika. Ukishawekwa kwenye mashine umechelewa: maji ya mashine yenyewe yana kalsiamu na yatabadilisha jibu.

Kisha vichupa. PTH hukaa vizuri kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, lakini kalsiamu haipimwi humo kamwe. Dawa iliyomo kwenye kichupa hicho cha zambarau huzuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu yote. Nimewahi kupewa jibu la kalsiamu ya 2.1 mg/dL na potasiamu iliyopita kiasi, nami nimekaa naongea, midomo haina ganzi, mapigo yametulia. Damu ilikuwa imemiminwa kutoka kichupa cha zambarau kwenda cha kalsiamu. Tangu hapo namwambia muuguzi kwa upole, "Sista, naomba cha kalsiamu kijazwe kwanza, cha zambarau kifuate," na nikiona kalsiamu ndogo mno ikiandamana na potasiamu kubwa mno, naomba kipimo kirudiwe haraka huku nikiangaliwa, wala sipuuzi.

Pima kwenye maabara moja. Mashine za PTH hutofautiana, na 450 ya hapa si lazima iwe 450 ya kule. Angalia pia kizio kilichoandikwa mbele ya namba: pg/mL ukigawanya kwa 9.4 unapata pmol/L, hivyo 300 ya kwanza ni kama 32 ya pili. Nimeona mtu akishangilia kwamba PTH imeshuka kutoka 600 hadi 60, kumbe maabara ilikuwa imebadilisha kizio.

Ratiba ni hii: kalsiamu na fosforasi ndani ya wiki 1 tangu kuanza au kubadilisha dozi, PTH kati ya wiki 1 na 4. Dozi ikishatulia, kalsiamu kila mwezi, PTH kila mwezi 1 hadi 3. Unaanza na 30 mara moja kwa siku, na haipandishwi kabla ya wiki 2 kupita: 60, 90, 120, mwisho 180. Mimi nilitulia kwenye 60, na kutoka 30 nilikaa wiki 4 ingawa ruhusa ilikuwepo mapema zaidi; sijuti. Maelekezo ya dawa hulenga PTH ya 150 hadi 300 pg/mL, lakini madaktari wengi hufuata mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, wa mara 2 hadi 9 ya kikomo cha juu cha kawaida cha maabara husika, hivyo usigombane na daktari wako akikuacha kwenye 400. PTH ikishuka chini ya 150, dozi hupunguzwa au dawa husimamishwa. Tezi zikinyamazishwa kupita kiasi mfupa huacha kujijenga upya, nao huo ni ugonjwa mwingine. Na kama unatibiwa saratani ya tezi hizo au tezi iliyoharibika yenyewe bila figo kuhusika, dozi yako ni nyingine, huanza na 30 mara mbili kwa siku. Usinakili ya kwangu.

Dalili za kalsiamu kushuka jifunze na watu wa nyumbani wazijue: ganzi au mchonyoto kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, misuli kukakamaa, mikono kujikunja yenyewe, mapigo ya moyo kuruka, degedege. Tatizo letu ni kwamba mikakamao hutupata pia mashine inapovuta maji mengi. Ninavyotofautisha: wa mashine huja saa za mwisho za kusafishwa, mara nyingi miguuni, na hupita, wa kalsiamu huja hata nyumbani, huanza na ganzi ya midomo na vidole. Ukiwa na shaka, pimwa. Kalsiamu ikiwa kati ya 7.5 na 8.4 mg/dL, au dalili zikianza, daktari huongeza kalsiamu au vitamini D, na anaweza kubadilisha kalsiamu ya maji ya mashine. Chini ya 7.5, au dalili zisipoacha, kidonge husimamishwa mpaka kalsiamu ifike 8.0 na dalili ziishe, kisha huanzwa kwa dozi ya chini kuliko ile ya awali. Degedege, kuzimia, moyo kwenda ovyo, kutapika damu au choo cheusi kama lami: nenda hospitali muda huo huo, usisubiri siku ya mashine.

Sinakalseti haichukui nafasi ya vidonge vya kuzuia fosforasi. Hivyo bado humezwa pamoja na chakula, na vinaweza kumezwa mlo mmoja na sinakalseti. Ukitumia kalsiamu kaboneti, kumbuka kidonge cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500 tu. Ikimezwa na chakula kazi yake ni kushika fosforasi. Daktari akitaka ipandishe kalsiamu ya damu, ataelekeza imezwe kati ya milo, na kuchanganya maelekezo haya mawili ndiko kunakofanya wengine waseme kalsiamu haipandi. Dagaa, soda nyeusi na maziwa mengi bado ni vya kupunguza.

Dawa nyingine zitajwe zote. Rifampisini ya kifua kikuu huiondoa sinakalseti mwilini haraka. Ritonaviri ya VVU na itrakonazoli ya fangasi huizuia isiondoke, na kalsiamu inaweza kuporomoka bila dozi kuguswa. Hatari ipo pia siku unapomaliza dozi ya kifua kikuu, maana kilichokuwa kikiipunguza kimeondoka. Balungi nimeliacha. Sinakalseti nayo huzuia kuvunjwa kwa metoprololi na kavediloli, dawa za moyo na presha, na amitriptilini ya sonona, kwa hiyo mapigo yakiwa ya taratibu kuliko kawaida au usingizi ukizidi, sema. Anayevuta sigara huiondoa dawa haraka zaidi, hivyo akiacha kuvuta, jambo jema kabisa, apimwe kalsiamu upya.

Ukisahau kidonge, ruka. Usimeze viwili kesho yake. Wanaoruhusiwa na daktari kufunga Ramadhani huimeza kwenye chakula kamili baada ya kufuturu, si juu ya tende na maji peke yake. Ukihamishiwa etelkalsetidi, sindano inayotolewa mwishoni mwa kusafishwa, acha vidonge siku 7 kwanza, hazitumiki pamoja.

Vidonge vikibaki 14 naanza kutafuta vingine, kwa sababu dawa hii haipatikani kila duka na ukikatika wiki mbili PTH hurudi ilikokuwa. Boksi nakagua jina, miligramu na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa. Na nikikatika kwa siku kadhaa, sirudi kwenye dozi ya juu kimyakimya. Nampigia daktari nikiwa na daftari mkononi: tarehe ya kidonge cha mwisho, kalsiamu ya mwisho, albumini yake, na saa damu ilipochukuliwa.