Haki ya Kikao cha Forodhani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya magharibi, nilikwenda Bustani ya Forodhani, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, pamoja na mke wangu na watoto. Vijana walikuwa wameshamaliza makachu yao, yaani michezo ya kujirusha baharini, wamekaa ukutani na nguo zilizorowa, na wauzaji wamewasha taa zao juu ya meza za pweza, ngisi, mantabali na urojo. Tulinunua mishkaki na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu, tukakaa kwenye benchi linalotazama bahari. Tulipomaliza kula, mwanangu wa miaka sita aliviachia vijiti vya mishkaki majanini, nami nilimwona nikanyamaza.

Haukupita muda akaja mzee mmoja aliyevaa kanzu na kofia, mkononi ameshika pakacha. Alitusalimu, tukamrudishia, kisha akainama taratibu na kuanza kuviokota vile vijiti kimoja kimoja. Kimoja alikigeuza mbele ya taa, nikaona ncha yake imeungua na kuwa nyeusi, lakini bado ni kali kama sindano. Nilimwambia kwa haya, "Shikamoo babu, niachie mimi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Watoto hapa hukimbia miguu mitupu." Hakusema zaidi ya hayo, wala sauti yake haikuwa na lawama.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiirejea Hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, Mwenyezi Mungu amridhie, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaonya masahaba wake wasikae njiani. Wao wakamweleza kwamba hawana budi na vikao vyao hivyo, kwa kuwa ndipo mahali pao pa mazungumzo. Hakuwavunja. Aliwaambia kwamba ikiwa hapana budi wakae, basi waipe njia haki yake, na walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Jibu la masahaba linanigusa sana, kwa sababu ndilo ambalo mtu wa Unguja angelitoa. Sisi ni watu wa baraza, na Forodhani ni baraza letu kubwa kuliko zote, lililo mbele ya Ngome Kongwe na jumba la kale la Beit al-Ajaib. Jina lenyewe limetokana na forodha, maana mahali hapa palikuwa pa kushushia mizigo na kutozea ushuru kabla ya kuwa bustani. Mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake, bustani ilipewa jina la Jubilii, lakini watu waliendelea kuiita Forodhani. Ilipochakaa, ikakarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, ukuta wa bahari ukiwa umeimarishwa na taa mpya zikiwa zimewekwa. Kila kivuli tunachokikalia pale kilipandwa na mtu mwingine, na wengi wa waliopanda hawapo tena.

Katika haki zile, kurudisha salamu hatujambo, alhamdulillahi. Kuinamisha macho ni jihadi ya kila mmoja wetu na nafsi yake, hasa mahali ambapo familia, wanafunzi wa skuli na wageni wa kila nchi hupita kwa wingi. Iliyonishughulisha zaidi ni haki ya pili. Katika Hadithi hii limetajwa neno kuzuia udhia, yaani mtu azuie madhara yanayotoka kwake mwenyewe. Na katika Hadithi nyingine mashuhuri tumefundishwa kwamba tawi la chini kabisa la imani ni kuondosha udhia njiani, hata kama hukuuweka wewe. Yule mzee alikuwa analitekeleza lile tawi la imani, akiondosha alichokiacha mwengine, wakati mimi, niliyetoka kusali muda mfupi tu kabla ya hapo, nilikuwa sijaifikia hata ile haki ya kujizuia. Udhia wa bustani, kwa maoni yangu, hauishii kwenye taka: muuzaji anayempandishia mgeni bei kwa sababu hajui lugha amemuudhi, na anayefungulia muziki wa simu kwa sauti kubwa kando ya wazee wanaozungumza amewaudhi.

Nilimwomba mzee pakacha, akanipa. Nilimwita mwanangu, nikamweleza kosa letu sote wawili, nikamwonesha jinsi ya kukishika kijiti upande usiokuwa na ncha. Tulizunguka benchi letu na mabenchi ya jirani mpaka ilipoadhiniwa isha, na mzee akatangulia msikitini mbele yetu. Alhamisi hii tutakwenda tena, inshaallah, na mwanangu ameshaniomba pakacha lake mwenyewe.