Siku tisa za kumuuguza Bibi

Alhamisi asubuhi niliwasha taa ya tangi kama kawaida, na Bibi hakuja.

Bibi ni frontosa jike, samaki wa Ziwa Tanganyika, wa aina ya Kigoma yenye milia saba myeusi juu ya mwili mweupe unaoelekea buluu. Nilimchukua akiwa na urefu wa kidole, na sasa ni mwaka wa sita tuko naye hapa Tabata. Amekwisha kupita kiganja changu. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege, ila huyu mtu hamli, mtu humzoea. Taa ikiwaka husogea kwenye kioo akasubiri. Siku hiyo alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, chini kabisa ya mrija unaorudisha maji kutoka kwenye chujio, mdomo ukifunguka na kufumba haraka haraka.

Sikushtuka upesi, na hilo linaniuma mpaka leo. Frontosa jike hutamia mayai mdomoni, na akishayabeba anaweza kukaa karibu mwezi mzima bila kula. Jumanne na Jumatano Bibi alikataa chakula, nami nikafurahi nikijua kashika mayai. Lakini jike mwenye mayai huvimba chini ya taya, na ukimtazama unaona anayageuza mdomoni polepole. Bibi koo lake lilikuwa bapa. Nikapiga magoti, nikammulika kwa tochi ya simu. Kifuniko cha shavu kilikuwa kikipiga bila kupumzika, na kila kilipofunguka niliona matamvua. Matamvua ya samaki mzima ni mekundu kama nyama mbichi. Ya Bibi yalikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika.

Hadi mchana samaki wote watano wa tangini walikuwa wakihema. Dume mdogo alikuwa amepanda juu, mdomo umeshika uso wa maji.

Nikakimbilia duka la samaki wa mapambo. Muuzaji aliniuliza swali moja tu, kama wanakula. Nikamwambia hawali. Akasema hao wana bakteria, akaniuzia tetrasaiklini ya vidonge vya kufungua. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kuwe na dawa. Nikafungua vidonge, nikamwaga unga wake majini, nikakaa kwenye stuli kusubiri. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye maji magumu hushikamana na dawa hiyo na kuipunguza nguvu, na maji ya samaki wa Tanganyika ni magumu kweli. Yaani nilikuwa nimetibu ugonjwa nisioujua kwa dawa isiyoweza kufanya kazi. Saa nane za usiku yule dume mdogo alilala ubavu juu ya mchanga, akapiga pezi mara mbili tatu, akatulia.

Alfajiri nilimpigia mzee mmoja wa Kigoma, ambaye ujanani alikuwa akipiga mbizi kukamata samaki wa mapambo wa kusafirishwa nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za huko?"

"Si nzuri. Samaki wananifia."

"Pole. Maji umeyapima?"

"Maji ni masafi mzee, yanang'aa."

"Sijakuuliza kama ni masafi. Nimekuuliza umeyapima?"

Sikuwa nimeyapima. Vichupa vya kupimia vilikuwa kabatini, hapo hapo chini ya tangi, na tangu jana yake nilikuwa nikiangalia macho ya samaki, mapezi na magamba, nikitafuta doa. Nikajaza mirija, nikatia matone, nikatikisa, nikasubiri dakika tano. Amonia ilikuwa miligramu 0.5 kwa lita, nitriti 2. Zote mbili katika tangi lililokomaa zinatakiwa ziwe sifuri. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji ambacho kikizidi 7 maji si machachu, ilikuwa 8.6.

Hapo picha ikaanza kukaa sawa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua muda wote. Katika tangi lenye afya kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio, kwenye mawe na mchanga. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali kama hizo mbili. Bakteria hao wakifa, sumu hubaki. Nitriti ikiingia kwenye damu huharibu uwezo wake wa kubeba oksijeni, damu ikageuka kahawia, na samaki akakosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Ile rangi ya chai niliyoiona ilikuwa damu yenyewe. Tena maji ya Tanganyika, kwa kuwa pH yake iko juu, huifanya amonia iwe kali zaidi. Kwenye pH 7 sehemu ndogo mno, chini ya asilimia 1, ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali, kwenye 8.6 na joto la nyuzi 26 ni karibu moja ya tano.

Swali likabaki: bakteria wa miaka sita wamekufaje? Mzee akaniambia nisitafute jana, nihesabu siku kurudi nyuma mpaka wiki nzima, maana sumu hujikusanya kimya kimya. Alhamisi, Jumatano, Jumanne. Nilipofika Jumamosi nikasimama. Jumamosi nilikuwa Morogoro msibani.

Nikafungua chujio. Sponji ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama siku niliyoinunua.

Mpwa wangu wa miaka kumi na minne alikuwa likizo kwangu. Aliniona nimeishika, akasogea mwenyewe. "Mjomba, niliifua. Ilikuwa chafu sana, nikaona nikusaidie." Aliifua bombani mpaka maji yakatoka meupe, na maji ya bomba yana klorini, iliyowekwa humo kwa kazi hiyo hiyo ya kuua bakteria. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ni mimi niliyemuua?" Nikamvuta nikamkalisha karibu yangu. Nilimwambia kosa ni langu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote humu ndani kwamba ule utelezi wa kahawia kwenye sponji ndio uhai wa tangi. Na nilimaanisha.

Kuanzia hapo tulifanya kazi pamoja. Tangi ni la lita 400. Tulibadilisha nusu ya maji kwa maji ya simtanki tuliyoyaondoa klorini kwa dawa yake, na safari hii sikuongeza magadi ya kupandisha pH, kwa sababu kila inaposhuka kidogo amonia hupoza makali. Tukayeyusha gramu 400 za chumvi kwenye ndoo, tukaitia taratibu kwa muda wa saa tatu: kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindana na nitriti mlangoni pa matamvua na kuizuia isiingie. Tukaongeza pampu ya pili ya hewa. Chakula tukasimamisha kabisa, kwani chakula kinachooza ni amonia nyingine. Rafiki yangu wa Mbezi akanipa sponji moja kutoka kwenye chujio lake la zamani. Nilisafiri nayo ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lake, mapajani, ili isikauke.

Ndani ya saa chache baada ya chumvi kuenea, pumzi za Bibi zilipungua kasi. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, nikaandika kwenye daftari. Siku zilizofuata tulipima asubuhi na jioni na kubadilisha robo ya maji kila siku. Amonia iliisha siku ya nne. Nitriti ilikuwa ngumu, ikashuka, ikapanda tena siku ya sita nikakosa usingizi, kisha ikaanza kushuka moja kwa moja. Mpwa wangu ndiye aliyesoma rangi siku ya tisa: buluu tupu, sifuri. Tulipowasha taa Bibi alikuja mpaka kwenye kioo. Nikampa kipande cha kamba kisichozidi ukucha. Alikitema, akakitazama kikishuka, akakifuata akakila.

Wiki tatu baadaye chujio lilihitaji kusafishwa. Mpwa alichota maji ya tangi kwenye ndoo, akaikamua sponji ndani yake mara mbili, maji yakawa kama matope.

"Mjomba, bado ni nyeusi. Niendelee?"

"Basi, imetosha."

Akairudisha mahali pake na weusi wake.