Kumbukumbu ya mradi: kilomita 50 za msituni, Usambara Magharibi

Mei, masika yanakatika

Njia ya mbio imeshachorwa. Inaanzia Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, inapanda hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, inafuata migongo inayopita mita 2,000, inashuka kwenye mabonde ya mboga, halafu inapanda tena kabla ya kurudi mjini. Kwa ramani ni kilomita 50, na jumla ya kupanda ni mita 2,400. Ndani ya hifadhi hupiti kiholela: kiingilio hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mara ya kwanza chukua mwongozaji wa palepale, kwa sababu vijia vinagawanyika chini ya miti na vyote vinafanana.

Kilomita 50 peke yake haikuambii kitu. Hesabu inayotumika kwenye mbio za milimani ni hii: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita moja ya tambarare. Kwa hiyo 50 + 24 = 74. Sierre-Zinal, mbio za milimani za Uswisi, kwa mfano, ni kilomita 31 tu, lakini ina mita kama 2,200 za kupanda, kwa hiyo mguu unaipokea kama 53. Mtu ambaye mwendo wake mwepesi barabarani ni dakika 6 na nusu kwa kilomita atapata 74 × 6.5, yaani saa 8 kamili. Ongeza asilimia 10 ya uchovu na kujaza maji, inakaribia saa 9.

Kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, ni ya watembeaji: saa moja kwa kila maili 3, ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa njia hii inatoa saa 14 na ushee. Usiidharau, kwa sababu ndiyo inayokuambia aliyeumia kifundo na kuanza kutembea atafika lini. Ukiondoka saa 12 asubuhi, saa 14 zinakufikisha saa 2 usiku, na jua huku linazama kama saa 12 na nusu. Basi tochi ya kichwani inaingia kwenye begi hata kama unategemea kumaliza alasiri.

Juni: kushuka kabla ya kupanda

Wengi wanafanya mazoezi ya kupanda hadi wanatapika, halafu kushuka wanakuacha kutokee kwenyewe tu. Ni kinyume. Kupanda kunachosha pumzi, na pumzi inarudi ndani ya dakika chache. Kushuka kunachana nyuzi za misuli ya mbele ya paja, kwa kuwa msuli unafanya kazi ya breki huku ukivutwa kurefuka, na huo uharibifu haurudi siku hiyohiyo. Mtu anafika kilomita ya 35 akiwa na pumzi nzuri kabisa, lakini mteremko mdogo tu unamfanya ashuke kwa ubavu kama kaa.

Habari njema ni kwamba msuli unajifunza haraka. Ukishaushusha mara moja kwa nguvu ya kutosha, unauma kati ya saa 24 na 72, kisha mara inayofuata unauma kidogo sana, na kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Ratiba ya mradi imejengwa juu ya jambo hilo:

Anza na mteremko wa asilimia 8 hadi 12 (mita 8 hadi 12 za kimo kwa kila mita 100 za njia), ardhi kavu, bila mawe. Shuka dakika 3, panda kwa kutembea, rudia mara 4. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, si zaidi, na kesho yake usikimbie kitu chochote kigumu. Kila wiki ongeza dakika, si kasi, mpaka jumla ya kushuka ifike dakika 40. Baada ya hapo ndipo unahamia kwenye mizizi na udongo mwekundu. Zoezi kubwa la mwisho la kushuka liwe wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe.

Nyumbani, mara mbili kwa wiki: simama kwenye ngazi yenye kimo cha sentimita 25 hivi, shusha mguu mmoja polepole kwa kuhesabu tatu mpaka kisigino kiguse chini, rudi juu. Mara 10 kila mguu, mizunguko 3. Goti likiinamia ndani, punguza kimo cha ngazi kwanza, usiongeze idadi.

Namna ya kushuka udongo unaoteleza inastahili kuelezwa taratibu. Macho yawe mita 3 hadi 5 mbele, kamwe si kwenye vidole. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, karibu 180 kwa dakika, mguu ukitua chini ya kiuno na si mbele yake. Anayeegemea nyuma kwa woga anatua kisigino, soli inapoteza mshiko, na makalio yanafika kabla ya miguu. Mikono itanue, ndiyo mizani yako. Mzizi uliolowa usiukanyage, hasa uliolala kwa mshazari na kuvuliwa gome na nyayo za watu. Ruka uvuke au kanyaga udongo wa upande wa juu yake. Palipo na majani makavu mengi, hujui chini kuna nini, kwa hiyo kanyaga kwa soli nzima. Na pale njia ilipochimbwa mfereji na maji ya mvua, kimbia kwenye kingo, usiingie katikati.

Juni, mwishoni: kupanda

Hapa hapana mengi. Mlima ukizidi asilimia 15, tembea. Kwa watu wengi kukimbia hapo kunaongeza kasi kidogo mno kuliko nguvu inayokula. Viganja juu ya magoti, sukuma chini kila hatua, kisigino kiguse ardhi ili mashavu ya miguu yasibane. Kipimo ni sentensi: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata, umezidisha. Mita 500 hadi 600 za kimo kwa saa ni mwendo mzuri unaoweza kudumu kutwa. Fimbo mbili za kutembelea zinasaidia kweli, ila zijaribiwe mapema. Siku ya mbio si siku ya kujifunza kuzikunja.

Julai: viatu na miguu

Raba za barabarani zimewekwa kando. Meno ya soli ya milimita 5 yanatosha kwa udongo mwekundu. Meno mafupi yanajaa tope na kugeuka sahani. Meno yakae mbalimbali ili tope lidondoke. Urefu: ukisimama kwenye mteremko, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki unene wa kidole gumba. Miguu inavimba baada ya saa kadhaa, na kucha nyeusi karibu zote ni za kiatu kifupi au kamba iliyolegea, si bahati mbaya.

Kamba: tumia lile tundu la mwisho la juu ambalo watu hawaligusi. Pitisha kila ncha kwenye tundu la upande wake kutoka nje kwenda ndani ili pabaki kitanzi kidogo, kisha vusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kwa kuelekea chini, funga. Kisigino kinakaa, vidole havigongi mbele. Fundo liwe mara mbili na masikio yake yachomekwe, maana matawi yanayafungua.

Soksi za pamba zimetolewa kwenye orodha. Zinashika maji, ngozi inalainika, malengelenge yanafuata. Paka vaselini kati ya vidole, mapajani na kwapani. Ukihisi sehemu ya mguu inapata moto, simama saa hiyohiyo, kausha, bandika plasta ya kitambaa bila kunyanzi. Ukisubiri kituo kinachofuata utakuwa unabandika lengelenge badala ya ngozi. Kucha zikatwe siku tatu au nne kabla, si usiku wa kuamkia mbio.

Viatu vikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe yakinywa maji. Usianike karibu na jiko. Gundi inaachia na sponji ya soli inakakamaa.

Julai: saa inadanganya

Chini ya miti mikubwa ya Magamba mawimbi ya setilaiti yanakatikakatika, na umbali wa saa unaweza kupungua au kuzidi. Kwa hiyo mpango wa siku umeandikwa kwa kimo na alama za njia, si kwa kilomita: mgongo wa kwanza, mto, shamba la kwanza la kabichi, njiapanda. Saa yenye kipima shinikizo la hewa inatoa kimo sahihi zaidi, mradi uipange mahali unapojua kimo chake. Hali ya hewa ikibadilika nayo inapotea: shinikizo likibadilika kwa hektopaskali moja, kimo cha saa kinahama kama mita 10 kwenye miinuko hii.

Agosti: chakula na maji

Lengo ni gramu 55 za wanga kwa saa. Nusu saa ya kwanza acha, kisha anza kula kabla hujasikia njaa na uendelee kidogokidogo kila dakika 20. Kinywaji cha nyumbani kwa lita moja: sukari vijiko 5 vya mezani vilivyosawazishwa (gramu 60 hivi), chumvi robo kijiko cha chai (miligramu 600 hivi za sodiamu), na ndimu nusu. Nusu lita kwa saa inatoa gramu 30. Zinazobaki zinatoka kwenye ndizi mbivu moja ya wastani, au tende ndogo nne. Viazi vilivyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi vinafaa kuanzia katikati, ulimi unapokuwa umechoka utamu. Gramu 100 zina wanga kama gramu 20. Kashata nayo ni tamu, lakini mafuta ya karanga au nazi yanakawia tumboni, kwa hiyo ibaki kwa sehemu za kutembea.

Usiongeze sukari ukidhani unaongeza nguvu. Kinywaji kikizidi asilimia 8 hivi kinakawia tumboni, kushuka kunakitikisa, na damu nyingi wakati huo iko miguuni, si kwenye utumbo. Tumbo likikataa: punguza mwendo, kunywa maji matupu kidogo, tafuna tangawizi, subiri dakika 20 kabla ya kula tena. Na chakula chote kijaribiwe kwenye mazoezi marefu, kwa kiwango kilekile.

Maji ya mito ya juu yanaonekana safi, lakini juu yake kuna ng'ombe na watu. Kidonge cha klorini, dakika 30 za kusubiri. Soma pakiti: vidonge vinavyouzwa sana madukani ni vya lita 20, havifai chupa ya lita moja, tafuta vya ujazo mdogo. Ndimu na sukari viingie baada ya zile dakika 30, maana vitamini C inaua klorini kabla klorini haijaua vijidudu.

Kunywa kwa kiu. Vidole vikivimba, pete ikikaza, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja ilhali umekunywa sana, usiongeze maji. Huenda sodiamu ya damu imeshuka. Na dawa za maumivu aina ya ibuprofeni ziache nyumbani, kwani ukiwa na upungufu wa maji zinaumiza figo.

Agosti: begi na adabu ya njia

Lita 1.5 za maji, koti jepesi la mvua, blanketi la dharura la foili, firimbi, tochi na betri ya akiba, plasta, simu ndani ya mfuko wa nailoni, pesa kidogo. Koti si mapambo. Miezi hii ukungu unakaa migongoni hadi saa nne asubuhi, na mtu aliyelowa jasho akisimama dakika kumi na mguu ulioteguka anaanza kutetemeka.

Siafu wanavuka njia zaidi baada ya mvua. Ukiona mstari mweusi unaotembea, ruka, endelea hatua 20, ndipo ukague soksi. Usifunge kamba hapo. Upupu ukikugusa usijikune wala usipanguse kwa mkono. Bandika plasta na uibandue, nywele zake zitoke nayo.

Siku za soko wanawake wanashuka na mizigo ya mboga kichwani. Aliyebeba ana haki ya njia. Salimia kutoka mbali, "Shikamoo mama, napita kulia," na pita upande wa juu akishasimama. Mtu mwenye kilo 30 kichwani akishtuliwa kutoka nyuma anaweza kuvunjika shingo, na hakuna muda wa mbio unaolipa hilo.

Hali ya sasa

Zoezi kubwa la kushuka limekwisha. Wiki hizi mbili umbali unapungua hadi karibu nusu, lakini mbio fupi za kasi zinabaki ili miguu isilale. Kinachosubiriwa ni mfuko wa kituo cha katikati: soksi kavu, vaselini, pakiti nne za sukari na chumvi zilizopimwa, viazi, fulana ya pili. Mpango wa kuanza umeandikwa mkononi kwa kalamu ya wino mzito: mlima wa kwanza wote kwa kutembea, hata kama kila mtu anakimbia.