Siku moja maishani mwangu: READY, halafu kimya

Saa 11:50 alfajiri. Simu inatetemeka. Kazi ya usiku ya kukokotoa kamisheni za mawakala wa bima imekatika njiani, na ujumbe una alama moja tu: S0C7. Kwa sisi tunaoandika programu kwa lugha ya COBOL hiyo haihitaji tafsiri. Programu imekuta kitu kisicho namba mahali ilipotarajia namba. Nje, Minneapolis bado giza, na theluji imelifunika gari.

Saa 12:20 asubuhi. Naingia kwenye meinfremu, kompyuta kubwa ya kazini, kutoka nyumbani. Badala ya menyu niliyoizoea ya ISPF, programu ninayofanyia kazi zangu zote humo, napata neno moja juu ya skrini nyeusi: READY. Tayari kwa lipi?

Nikakumbuka. Jana jioni niliongeza maktaba moja, yaani hifadhi ya mafaili, kwenye faili inayoendeshwa kila ninapoingia, nikahifadhi, nikaenda zangu bila kuijaribu. Jina nimelikosea herufi, na ISPF ikikosa maktaba zake haiamki. Kihariri ninachokitegemea kurekebisha faili hiyo kimo humo humo ndani ya ISPF. Yaani nimefunga mlango, funguo nimeziacha ndani.

Ningeweza kumwamsha mtu wa zamu anirekebishie. Aibu ikanizuia.

Saa 12:35. Chini ya TSO, mfumo wa kuiamrisha meinfremu kwa maneno unayoandika, ambao ndio ulioniandikia READY, kuna kihariri kingine, kikongwe, jina lake EDIT tu. TSO ilitoka mwaka 1971, wakati terminali nyingi, vifaa vya kuwasiliana na kompyuta, zilikuwa taipureta. Mojawapo, IBM 2741, ilipiga kama herufi 15 kwa sekunde, kwenye karatasi, kwa hiyo mstari wa herufi 80 ulikula zaidi ya sekunde 5. Ndiyo maana EDIT haikuonyeshi usichokiomba. Unafanya kazi kwa kupapasa, kama unavyotafuta kiberiti umeme ukikatika.

Mzee mmoja aliyestaafu hapa ofisini ndiye aliyenifundisha, Ijumaa mchana, tukisubiri muda wa kutoka. Mimi nilidhani ananipigia hadithi za zamani.

Naandika EDIT na jina la faili. Naandika LIST. Mistari inamiminika, skrini ikijaa zinatokea nyota tatu, nabonyeza Enter, inajaa tena, Enter, tena Enter. Hapo ndipo nilipoponzwa: Enter moja ikazidi. Kwa EDIT, mstari mtupu ni amri ya kuhamia hali ya kuingiza maandishi. Nikaandika FIND, nayo haikutafuta kitu. Ikajibandika mwisho wa faili kama mstari mpya, namba 1210. Nikaandika FIND tena kwa hasira, ikawa 1220.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikaenda kuchemsha chai.

Saa 1:05. Enter tupu, nikarudi upande wa amri. DELETE 1210 1220. TOP, kupanda mwanzo wa faili. FIND /PANL/, lile jina nililolikosea. LIST * inanionyesha mstari niliosimama, maana kinyota ni "hapa nilipo". Ndio wenyewe.

CHANGE * /PANL/PANEL/

LIST * tena, kwa sababu simwamini mtu aliyenifikisha hapa. SAVE. END. READY. Nikatoka, nikaingia upya, na menyu ikafunguka. Kurekebisha herufi moja kumenichukua nusu saa na kikombe cha chai.

Saa 2 hadi saa 4. Rekodi mbovu ilikuwa moja: sehemu ya kiasi imejaa nafasi tupu. Tukaiweka kando, kazi ikaendeshwa tena, ikapita. Barabarani theluji, sina la kusimulia.

Saa 5. Ofisini naongeza mistari michache kwenye programu ili iulize IF NUMERIC, yaani "je, hii ni namba?", kabla ya kujumlisha. Pembeni yangu kaketi kijana wa Mwanza, ana miezi miwili kazini. Anashangaa nikiandika, kwenye kihariri cha ISPF, juu ya namba za mistari zilizo kushoto: I kuingiza mstari, R kuurudia, CC juu na CC chini kufunga kundi la kunakili, kisha A pale ninapotaka lifuatie.

"Kaka, kwani huwezi kutumia mausi?"

"Hizo namba unaziona? Zamani mstari uliuita kwa namba yake, kama mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio. Skrini ilipokuja, namba zikabaki."

"Na kwa nini zinaruka kumi kumi?"

"Ili upate pa kuchomeka mwingine katikati."

Akanyamaza kidogo. "Kama kuacha nafasi kwenye benchi."

Mfano wake nimeupenda kuliko wangu wa kiberiti.

Saa 9 alasiri. Mkutano. Mabadiliko ya programu yatasubiri idhini hadi wiki ijayo.

Saa 11 jioni. Nimevaa koti tayari. Nafanya LOGOFF, navua glavu, naingia tena. Menyu imefunguka. LOGOFF.